Ulinganisho: mbwa, bata bukini, uzio wa mkonge au ukuta? Ulinzi wa nyumba na wanyama, Pongwe (Tanga)

Mkazi_Pongwe
Assalaam aleikum na habari za jioni. Ninaishi Pongwe, kando ya barabara ya kwenda Muheza, katika kiwanja cha mita 20 kwa 30 ambacho upande wake wa nyuma umepakana na mashamba na hauna uzio wowote. Nina mbuzi 4 wa maziwa, kuku wa kienyeji na paka 2. Nilikuwa pia na mbwa. Wiki mbili zilizopita, saa nane za usiku, mtu aliingia kwa upande wa mashamba, akamtupia mbwa nyama yenye sumu, kisha akakata kamba iliyofunga mlango wa banda la mbuzi. Mbuzi mmoja alilia, jirani akawasha taa, na mtu huyo akatoweka bila kuchukua kitu, lakini mbwa wangu alikufa kabla ya kupambazuka.

Mwaka huu nina uwezo wa kufanya jambo moja kubwa tu, labda na dogo moja la kulisindikiza. Ninawaza kati ya ukuta, mbwa wawili wapya, bata bukini na uzio wa mkonge, na ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kujaribu.

Fundi_Mikanjuni
Pole sana, ndugu. Mimi ni mwashi na ningefaidika nikikushauri ujenge ukuta, lakini tuanze na hesabu. Mzingo wa kiwanja chako ni mita 100. Ukuta wa mita 2 kwenda juu una eneo la mita za mraba 200, na kwa tofali la inchi 18 kwa 9 utahitaji matofali yasiyopungua 1,800, kabla hatujazungumzia msingi, nguzo, geti na chokaa.

Kuna jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Ukuta unamzuia mwizi kuingia, lakini akishaingia, ukuta huohuo unamficha. Nimejenga kuta ndefu ambazo baadaye wenyewe waliibiwa mchana, kwa kuwa hakuna jirani aliyeweza kuona kilichokuwa kikiendelea ndani. Jirani yako aliwasha taa kwa sababu aliweza kuona banda lako. Ukijenga mita 2 za tofali, hataliona tena. Ukilazimika, jenga chini mistari michache ya matofali na juu uweke wavu, ukikumbuka kwamba hewa yetu ya chumvi hula wavu wa bei nafuu mapema kuliko unavyotarajia.

Ningekuwa wewe, ningeanza na mlango wa banda. Kamba si kufuli. Weka mlango wa mbao ngumu wenye bawaba zilizofungwa kwa bolti zinazopenya hadi ndani, na komeo ambalo mtu aliye nje hawezi kulifikia kwa mkono.

Bi_Raskazone
Mwanangu Mkazi, mimi nimefuga bukini kwa miaka mingi na sitaki mbwa nyumbani kwangu, si kwa kumchukia, bali kwa sababu ya udhia wa kujitwaharisha. Masheikh wetu, ambao wengi hapa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, wanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba, kwa hiyo asikutishe mtu kwa hilo. Lakini chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi magoti yangu hayataki tena kuinama mara saba.

Bukini ana faida ambayo mbwa hana: hapokei nyama kutoka kwa mtu. Anakula majani na nafaka, na mgeni akimkaribia usiku, kazi yake ya kwanza ni kupiga kelele na wala si kunusa. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Hahitaji bwawa, beseni pana linalomwezesha kuzamisha kichwa kizima linatosha, mradi maji yabadilishwe kila siku.

Sitakuficha kasoro zake. Anachafua ua kuliko mnyama yeyote ninayemfahamu, anampigia kelele paka wa jirani kama anavyompigia mwizi, na katika majira ya kutaga dume huwa mkali hata kwa mwenye nyumba. Vifaranga wake vilevile huliwa na nguchiro na fungo, kwa hiyo nao wanahitaji banda linalofungwa vizuri. Bukini anakuamsha tu. Usitarajie kwamba atamkamata mtu.

Kijana_Chuda
Mnazunguka mbuyu. Vuta waya mmoja kutoka kwenye umeme wa nyumba, uzungushe banda, uwashe saa nne usiku. Hatarudi tena.

Mjumbe_Mstaafu
Kijana, futa wazo hilo. Uzio wa umeme unaouzwa madukani una mashine inayotoa mpigo mfupi mno, takriban mmoja kwa sekunde, ili mtu ashtuke na kuachia. Waya uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba haumwachii mtu, na wa kwanza kuugusa kwa kawaida ni mtoto aliyefuata mpira, au mbuzi mwenyewe tunayetaka kumlinda, hasa wakati wa masika ardhi ikiwa imelowa.

Na hata akiugusa mwizi, bado utakuwa na kesi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea na kutetea mali yako, lakini inakutaka utumie nguvu ya kiasi, inayolingana na hatari iliyopo. Mtego unaoua hauwezi kupima kama aliyeingia ana panga au amepotea njia. Nilipokuwa mjumbe niliitwa usiku mara nyingi, na kilichonitia hofu zaidi hakikuwa mwizi bali umati uliokuwa umemzunguka. Mkimkamata mtu, mfungeni asikimbie, pigeni simu 112 au muiteni mwenyekiti wa mtaa, kisha mumkabidhi polisi akiwa mzima.

Kwako Mkazi: usitoke nje gizani kupambana. Washa taa zote, piga kelele, piga filimbi. Kubalianeni na majirani kwamba filimbi moja ndefu maana yake ni kila nyumba kuwasha taa. Filimbi haizidi bei ya soda chache, nayo imefukuza vibaka wengi kuliko mapanga yaliyolala chini ya vitanda.

Tabibu_Mifugo
Nimefanya kazi ya utabibu wa mifugo wilayani Muheza na hapa mjini, na ningependa kuzungumzia mbwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona anaondolewa kwenye ulinganisho kwa kosa ambalo si lake.

Mbwa anayekula chochote kilichotupwa hakufundishwa. Mtoto wa mbwa akilishwa tangu mwanzo kwenye sahani yake tu, na mtu mmoja au wawili, huku wageni wakiletwa kwa makusudi wamtupie chakula na yeye akatazwe, wengi hujifunza ndani ya miezi michache. Si kinga kamili, lakini mbwa aliyeshiba jioni hana tamaa kama aliyelala na njaa, na hapa kwetu wengi huwalaza mbwa na njaa wakiamini ndipo watakuwa wakali. Usimfunge mnyororo mchana na usiku pia, maana atabweka kwa kila kitu, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeamka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Akimng'ata mtu, hata huyo mwizi, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali bila kusubiri dalili, kwa kuwa dalili zikishaanza hakuna tiba.

Kuhusu sumu: ukimwona mbwa anatokwa mate mengi, anatetemeka na kukakamaa, usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, kwani vinaweza kumpalia na kuingia mapafuni. Mpeleke kwa daktari haraka pamoja na kipande cha nyama au pakiti iliyookotwa. Nakusihi pia ukague upya ua wako ukiwa umevaa glovu, kwa sababu mabaki ya nyama ile yanaweza kuwaua paka wako wawili hata sasa.

Mkulima_Ngomeni
Kuhusu mkonge nitasema machache. Mmea huu uliletwa mkoani kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiwa na miche 62 tu iliyosalimika safarini, na tangu hapo tumeujua kwa nyuzi. Kwa ulinzi pia unafaa. Panda mistari miwili kwa kupishana. Hata hivyo, utasubiri miaka kadhaa kabla haujamzuia mtu, mwiba wa ncha unaweza kumtoboa mbuzi jicho, na usipousafisha chini unakuwa makazi ya nyoka. Mkonge ukitoa mlingoti na kuchanua hufa, lakini machipukizi yake huziba pengo.

Mkazi_Pongwe
Ninawashukuru nyote, Mzee Mjumbe, shikamoo. Tabibu, nilikagua ua asubuhi na nikakuta kipande kimoja cha nyama chini ya mpapai, nimekifukia mbali na kwa kina.

Nimeamua hivi. Fedha za ukuta zitahamisha banda la mbuzi kutoka nyuma hadi ubavuni mwa chumba tunacholala, lishirikiane na nyumba ukuta mmoja na liwe na mlango kama alivyoeleza Fundi, ili mbuzi akilia nimsikie bila kutoka. Mkonge nitaupanda nyuma, nje ya njia ya mbuzi, masika haya haya, nikijua faida yake ni ya baadaye. Mbwa nitasubiri hadi nimpate mtoto mdogo wa kumfundisha mwenyewe. Kwa sasa naomba bukini wawili kwa Bi, dume na jike.

Bi_Raskazone
Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, mwanangu, na uje na matenga mawili. Dume hataki kushirikiana.