Tupeane uzoefu: desturi zipi za nyumba ya bibi mmezirudisha, na zipi zimekushindeni?

Bi Fuoni
Assalaam alaykum wenzangu. Bibi yangu aliolewa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, mwaka 1957, akaendesha nyumba ya watu 11 kwa seredani mbili za makaa na taa ya chemli. Mie nina watu 5, jiko la gesi, friji na mashine ya kufulia, na magharibi ikiadhiniwa bado sijui tutakula nini. Mwezi uliopita mtungi mdogo wa gesi uliniishia siku ya 19. Nikakaa kitako nikajiuliza: yule alikuwa akifanyaje?

Kilichonijia kwanza ni moto. Bibi hawashi moto mara mbili kwa siku. Seredani ikishashika kwa vifuu, kinabandikwa kinachotaka moto mkali, yaani mchuzi au maharagwe. Makaa yakitulia ndipo wali, na wali ukikauka unapaliwa, makaa juu ya kifuniko na machache chini. Yale ya juu hayatupwi, yanahamia kwenye mkate wa kumimina. Yanayobaki yanaingia kwenye pasi, na siku ya Alhamisi machache yanakwenda kwenye chetezo, kanzu za Ijumaa zikafukizwe udi. Likibaki jivu, ndilo la kusugulia masufuria kwa kumbi la nazi. Kilichotoka bure jikoni mwake ni moshi tu.

Gesi haipaliwi, najua. Lakini kunde na choroko sasa naziroweka usiku, asubuhi nachemsha robo saa, nafunika, sufuria naivika blanketi kuukuu ndani ya kikapu mpaka adhuhuri. Zinaiva zenyewe. Mtungi wa sasa uko siku ya 27 na bado unawaka.

Lililonishinda: mbuzi ya kukunia nazi. Nilinunua kwa mbwembwe, siku ya tatu kiuno kikasema hapana, nimerudi kwa nazi ya mashine. Haya, leteni yenu.

Mama Wawili
Mie ni kibaba. Marehemu mama mkwe hakupika mchele kwa kukisia hata siku moja. Vibaba 4 ndiyo pishi, kila mlaji ana hesabu yake, na mgeni akija kinaongezwa kimoja. Mie nilikuwa namimina tu kutoka kwenye mfuko, kiporo kila asubuhi, kuku wa jirani ndio wakinenepa. Sasa nina kikopo changu ndani ya ndoo ya mchele. Kiporo kimebaki cha makusudi, cha kulia na samaki wa jana.

Karafuu Chungu (Wete)
Nnasoma nnacheka. Bibi zenu wa mjini walikuwa na mfereji wa maji uani au barazani kwa jirani. Bibi yangu wa huku shamba, Pemba, maji akiyateka kisimani kwa ndoo kichwani, alfajiri na alasiri, na mama yangu nyuma yake na kindoo chake, skuli baadaye. Mnaposema nyumba ya watu 11 ilikwenda kama saa, waulizeni hao 11 nani walikuwa wakikuna, wakitwanga, wakifagia uwanja kwa chelewa. Watoto wa kike! Bibi hakuwa na mashine kwa kuwa alikuwa na sie.

Kuna moja ninaloliendeleza. Karafuu kavu kidogo kwenye kitambaa, ndani ya sanduku la nguo. Mende hawasogei na kanga zinanukia. Lakini kisima sikirudii, wallahi.

Bi Fuoni
Karafuu Chungu, umenipiga pahala pake. Kweli bibi alikuwa na shangazi zangu watatu. Nilisahau kuwahesabu kama vyombo vya jikoni.

Babu Kikapu
Na wanaume je? Marehemu baba hakujua kupika hata chai, lakini marikiti ya Darajani ilikuwa yake. Kila asubuhi na kikapu cha ukili, samaki anamfunua shavu aone wekundu, ndizi anazikagua moja moja, anarudi kabla jua halijakuwa kali. Mama hakujua bei ya samaki changu. Sie tukaliacha, kila kitu akabebeshwa mke, naye kazini anakwenda vile vile. Tangu nistaafu nimekirudia kikapu. Mke wangu wiki ya kwanza alilalamika nanunua bilingani zilizochoka. Sasa halalamiki, au kanyamaza tu.

Mtoto wa Kikwajuni
Sie wengine mafunzo tuliyapata kwa nguvu. Mnaikumbuka ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja nzima miezi mitatu gizani? Friza letu lilikuwa limejaa. Siku ya pili mama kaita majirani wote, kilichoweza kupikwa kikapikwa, samaki waliobaki wakapasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa juu ya bati. Mie nilikuwa kijana, sijapata kuona ng'onda inatengenezwa, nikidhani inaota dukani. Mpaka leo hatujazi friza. Tunanunua cha siku mbili, basi.

Bi Doti
Mie naileta kanga. Kwa bibi haikuwa na siku ya kutupwa. Doti mpya ya kutokea, ikipauka ya kushindia, ikilainika ya kulalia na kubebea mtoto. Halafu inachanwa winda, halafu kishikio cha sufuria, mwisho dekio. Umri wa miaka kumi na zaidi! Nilipojifungua nikanunua nepi za dukani, miezi miwili nikaona hela inavyokwenda na takataka inavyojaa. Mchana nikahamia winda za kanga, usiku nepi. Mama alifurahi kuliko siku ya harusi. Ila tuseme kweli, mashine ya kufulia ndiyo iliyoniwezesha. Kwa mkono nisingethubutu.

Mama Wawili
Usiku nepi, mchana winda. Hapo ndipo penyewe, wala usione haya.

Bi harusi mpya
Shikamooni. Mie nimenunua mtungi wa udongo wa maji, nipumzishe friji. Wiki mbili sasa, maji yana moto kama ya bomba. Bibi yangu maji yake yakiuma meno. Nakosea wapi?

Babu Kikapu
Marahaba. Umeuweka wapi?

Bi harusi mpya
Jikoni, karibu na dirisha, penye upepo.

Babu Kikapu
Pazuri. Kwa nje unatoka jasho? Mtungi unapoa kwa lile jasho, upepo ukilikausha ndiyo maji yanakuwa baridi.

Bi harusi mpya
Hautoki hata tone. Nikafurahi, nikajua hauvuji.

Bi Fuoni
Mwanangu, umeupaka rangi?

Bi harusi mpya
…Ya mafuta. Nyeupe. Ulikuwa hauendani na makabati.

Karafuu Chungu (Wete)
Basi tia maua, ununue mwengine.