Mgeni anataka kujitolea nyumba ya yatima wiki tatu kabla ya kurudi kwao Krismasi, aanzie wapi?

Mwani_Jambiani

Assalaam alaykum. Tuna mgeni anakuja kutoka Uingereza, mwalimu wa skuli ya msingi, umri miaka 24. Anafika Unguja tarehe 25 Novemba na kuondoka 17 Disemba, ili awahi Krismasi na wazee wake. Anachotaka ni kwenda kila asubuhi kwenye nyumba ya watoto yatima, acheze nao, awasomeshe Kiingereza, na ana masanduku mawili ya zawadi. Ametuomba sisi wenyeji tumtafutie kituo. Anahitaji vibali gani, aonane na nani, na kwenye masanduku atie nini? Nia yake njema, sitaki nimpeleke pahala pakaja kuharibika kwake au kwa watoto.

Mkunazini

Waalaykum salaam. Kabla ya vibali, tuitazame kazi yenyewe. Kucheza na watoto wiki tatu kisha kuondoka ndiko kunakowaumiza, hasa wale wadogo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayelelewa na walezi wa zamu tayari kila siku anapokewa na mikono mingine. Akiletewa mtu mpya mwenye nafasi ya kumpakata kutwa, anamshika haraka sana. Siku ya 22 mtu yule hayupo, na mwezi ujao anakuja mwengine. Yule mtoto anayemrukia mgeni asiyemjua na kumng'ang'ania shingoni, watu humuona mchangamfu. Walezi wenye ujuzi huingiwa na wasiwasi, maana mara nyingi hiyo ni alama ya mtoto ambaye hana mtu wake mmoja wa kudumu.

Jambo hili limepimwa. Utafiti wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa vituoni. Waliohamishiwa kwenye familia za malezi waliendelea vizuri kuliko waliobaki, na zaidi wale waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Disemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio linalotaja waziwazi madhara ya shughuli za kujitolea kwenye nyumba za yatima, utalii ukiwemo.

Halafu mfahamishe na neno lenyewe. Kwetu yatima ni aliyefiwa na baba naye hajabaleghe. Mama yake anaweza kuwa hai, yuko pwani anavuna mwani. Mgeni akisikia yatima anafikiri ni mtoto asiye na mtu duniani. Duniani kote, watoto walio wengi vituoni wana mzazi hai au jamaa, na kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umasikini. Kituo kikishategemea pesa za wageni, kila mtoto anayerudishwa kwa bibi yake ni kitanda kitupu, na kitanda kitupu hakimvuti mfadhili. Kwa hiyo kituo kinachompokea mgeni papo kwa papo, bila suala lolote, na kumwambia lete dola tu, kikimbieni.

Karatasi_Kwanza

Mkunazini kasema kweli. Mimi niongeze upande wa sheria.

Viza ya kawaida ya kitalii (dola 50, Wamarekani dola 100) haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kazi ya bure. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanadhani bila mshahara si kazi. Wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na kwa shughuli za muda mfupi iko viza ya biashara ya dola 250, isiyozidi miezi mitatu. Ipi inamhusu yeye, kituo kinachompokea ndicho kiwaandikie Uhamiaji, kieleze kazi na tarehe, na kipate jibu la maandishi kabla yeye hajapanda ndege. Nyumba ya wageni anakofikia isimuombee kibali cha kazi ambayo si yake. Uhamiaji ni jambo la Muungano lakini kazi si la Muungano, kwa hiyo suala la ajira liulizwe Kamisheni ya Kazi ya hapa Zanzibar. Majibu ya Bara yasichukuliwe kuwa yanatosha. Bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar ni mbali na viza: dola 44, siku 92, inalipiwa kwenye mtandao.

Upande wa watoto, kinachotawala ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011. Mlango wa kuingilia ni Ustawi wa Jamii, chini ya wizara inayoshughulikia wanawake, wazee na watoto. Msimpeleke mtu kwenye geti la nyumba ya watoto ya serikali Mazizini au Kijiji cha SOS cha kulelea watoto na begi mgongoni. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, naye apewe taarifa, lakini ruhusa ya sheha haishiki nafasi ya Ustawi.

Kituo chochote kiulizeni mambo haya, na majibu myaone kwa macho: cheti cha usajili, kama kila mtoto ana jalada lake lenye maelezo ya nani kamleta, kwa amri ya nani, na mpango wa kumrudisha kwa jamaa, na kanuni za kumlinda mtoto zilizoandikwa. Na yeye akiombwa cheti cha polisi cha kwao, cha kuonesha hana rekodi ya uhalifu, afurahi. Kituo kisichoomba cheti hicho kwake hakikiombi kwa mtu mwengine pia.

Fundi_Wete

Kazi ipo tele, ila ielekezwe kwa watu wazima na vitu. Mara nyingi huwa tunasahau kwamba kituo kina matangi, magodoro na madaftari ya stoo.

Upele, kwa mfano. Ukiingia bweni la watoto 20, haumalizwi kwa kumpaka mmoja mmoja anayejikuna. Wote hupakwa usiku mmoja, pamoja na walezi, hata asiyewashwa, kwa sababu mtu anaweza kukaa nao wiki kadhaa bila dalili. Dawa na kipimo chake ni kwa mtu wa afya: ile benzili benzoeti ya asilimia 25 kwa watoto huzimuliwa nusu kwa nusu na maji, na wachanga huzimuliwa zaidi. Asubuhi yake ndipo mikono ya mtu wa kujitolea inapohitajika: shuka na nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kisichofulika kifungwe ndani ya pipa lenye mfuniko siku 3 kamili, maana mdudu wa upele hadumu zaidi ya hapo akiwa mbali na ngozi ya mtu. Dawa hurejewa kama mtu wa afya alivyopanga. Kinachoharibu ni kupaka leo nusu na kesho nusu; wa leo wanaambukizwa tena na wa kesho.

Vyandarua vya dawa: vifuliwe kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, na vianikwe kivulini. Jua kali linaua dawa, na chandarua kimetengenezwa kuvumilia kufuliwa kama mara 20 hivi. Vilivyotoboka vishonwe.

Tangi la lita 1,000: limwagwe, lisuguliwe, lijazwe, kisha gramu 75 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 zilizokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji. Unga utiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagiwe juu ya unga. Fungua mifereji (mabomba) mpaka harufu ya klorini itoke, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, suuza, jaza upya. Maji ya usiku ule hayanywewi, na mabomba yabandikwe karatasi, la sivyo mtoto atayanywa alfajiri.

Na kwa kuwa ni mwalimu, akae na walezi saa moja na nusu wakati watoto wako skuli au chuoni (madrasa): namna ya kumsomea mtoto hadithi kwa sauti, kadi za herufi za maboksi yaliyokatwa. Mlezi atabaki na ujuzi huo Januari, na sauti atakayoisikia mtoto ni ile ile ya kila siku.

Mwani_Jambiani

Nimefahamu, ahsanteni sana. Sasa masanduku? Ameshaanza kukusanya nguo za mitumba, pipi na dawa za homa. Na anataka awafanyie watoto sherehe ya Krismasi siku ya mwisho.

Mkunazini

Dawa aziache, zitafika bila maelekezo ya Kiswahili, na mlezi wa zamu ya usiku atakisia kipimo. Mitumba ipo sokoni Darajani kwa bei ndogo kuliko nauli ya sanduku. Alete pesa, anunue hapa kwa orodha ya kituo na risiti: sare za skuli, ushungi, kanzu na kofia za chuoni, viatu kwa vipimo vya miguu vilivyopimwa na walezi. Vyote vipite stoo, viandikwe kwenye daftari, na mlezi ndiye agawe. Mtoto akipokea kila kitu kwa mgeni na hapokei kitu kwa anayemlea, utii kwa mlezi unavunjika ndani ya wiki.

Krismasi akaifanye kwao na wazee wake. Watoto wetu karibu wote ni Waislamu, sikukuu yao ni Idi. Akitaka kuwafurahisha, atoe fedha za Idi kwa ofisi, nguo zishonwe mapema.

Karatasi_Kwanza

Picha pia. Nyuso za watoto zisiingie kwenye simu yake, wala asichukue namba za simu za watoto walio wakubwa, wala asitoke na mtoto hata kumnunulia urojo. Akiona jambo la kutia shaka, namba ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo, na hospitali ya Mnazi Mmoja kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa udhalilishaji.

Barua ya Ustawi ipelekeni sasa, na tiketi asiibadilishe kwa ajili ya kituo. Jibu likichelewa, kazi ya matangi na vyandarua ifanywe na mafundi wa hapa kwa pesa zake, na yeye apumzike Jambiani kama mtalii.