Alama ya ’ katika ng’ombe inavurugika kwenye seva ya Debian: tatizo ni faili au LANG?

Swali

Wakuu, nina faili la orodha ya maneno, `maneno.txt`. Kwenye laptopu linasomeka vizuri. Nikiingia seva ya Debian 12 kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali), `less` (programu ya kusomea faili) inaonyesha `ng<E2><80><99>ombe`, tena napokewa na onyo la locale (mpangilio wa lugha na herufi) `setlocale: LC_ALL: cannot change locale (sw_TZ.UTF-8)`. Nimeandika `export LANG=sw_TZ.UTF-8`, hakuna kilichobadilika. Na `grep "ng'ombe"` (ya kutafuta maneno) haipati kitu, hata kwenye laptopu. Nirekebishe faili au seva?

Jibu 1

Seva, mkuu. Faili ni zima, usiliguse kwa `iconv` (hubadili usimbaji, yaani jinsi herufi zinavyoandikwa kwa baiti). E2 80 99 ni baiti tatu ambazo usimbaji wa UTF-8 huandikia alama ’ (U+2019). `less` imezimwaga zilivyo kwa sababu seva imerudi kwenye ASCII, usimbaji wa zamani usio na alama hiyo. Andika `locale charmap`, ikijibu `ANSI_X3.4-1968`, basi ndiyo hivyo.

Laptopu inatuma LC_ALL yako kupitia ssh (`SendEnv LANG LC_*`), seva inaipokea (`AcceptEnv`), ila locale ya sw_TZ (Kiswahili cha Tanzania) haijatengenezwa huko. Tazama `locale -a`, hutaiona. `export LANG` haikufua dafu kwa kuwa LC_ALL hushinda vigezo vyote vya locale. Hufuata LC_CTYPE na wenzake, LANG ni ya mwisho.

Sakinisha kifurushi `locales`, fungua `/etc/locale.gen`, ondoa # kwenye mstari `sw_TZ UTF-8`. Angalia: hapo jina halina nukta, wengi hutafuta `sw_TZ.UTF-8` wakaikosa. Kisha:

`sudo locale-gen`
`sudo update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8`

Toka, uingie upya.

Jibu 2

Kama huna sudo (ruhusa ya msimamizi wa seva), `export LC_ALL=C.UTF-8` inatosha, kwenye Debian ipo tayari bila kutengeneza chochote. Ila LC_ALL isikae kwenye `.bashrc` ya laptopu, itaendelea kukufuata kila seva. Weka LANG tu. Na usitarajie programu zikuzungumzie Kiswahili, tafsiri zake ni chache mno. Utakachokiona ni majina ya siku, jaribu `date +%A`.

Jibu 3

Suala la `grep` ni jingine kabisa. Kibodi inatoa ' (U+0027), faili lina ’ ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Tafuta `grep "ng['’]ombe"`, lakini baada ya kurekebisha seva: kwenye ASCII mabano yale hushika baiti moja tu, na ’ ina tatu, kwa hiyo utakosa tena. Ukitaka orodha nzima iwe na alama moja:

`sed -i.bak "s/’/'/g" maneno.txt`

`iconv` ina siku yake: faili la zamani la Windows ambamo ’ ni baiti moja, 92. Hapo tumia `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 kale.txt > jipya.txt`. Usielekeze matokeo kwenye jina lilelile. Sheli (programu inayopokea amri zako) hufuta yaliyomo kwenye faili kabla `iconv` haijalisoma.