Changudoa ni samaki gani, mbona hatumuuzi?

MamaMgebuka (Kibirizi, Kigoma)

Habarini wakubwa. Mimi ni muuza dagaa na migebuka hapa mwalo wa Kibirizi, mwaka wa kumi na moja huu. Nina swali la Kiswahili, wajuzi naombeni msaada.

Wiki iliyopita giza lilikuwa limerudi, mbalamwezi imeisha, mitumbwi ikaingia asubuhi na dagaa wa kutosha. Kijana mmoja mchuuzi akataka beseni mbili kwa mkopo. Nikamwambia deni la mwezi jana kwanza. Akageuka anaondoka huku anasema, "Changudoa tu hilo, linaringia nini?" Hebu lisikilizeni hilo "hilo". Wala hakusema "huyo". Sikumjibu, nilikuwa na mzigo kichwani.

Binti yangu, yuko darasa la sita, alikuwa pale kwenye kichanja anageuza dagaa. Usiku akaniuliza: "Mama, changudoa ni samaki gani, mbona hatumuuzi?"

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia njiani. Maana mtoto kapatia, kweli ni samaki. Changu ni wa baharini, na changu doa ni yule mwenye doa jeusi ubavuni. Nimemla mara moja Dar, pale Feri, mtamu na bei yake si ya kuchezea. Huku ziwani tuna kuhe, tuna migebuka, tuna ngege. Sijawahi kusikia mtu akitukanwa "kuhe wewe".

Basi tukaanza kuhesabu na binti (nilijuta baadaye, ana masikio kuliko nilivyodhani). Kicheche: mnyama anayenuka. Shangingi: gari la wakubwa, likipita watu wanasogea pembeni, ila mwanamke akiitwa hivyo anasemwa. Pisi. Chombo. Mzigo. Nikakosa hata moja ambalo ndani yake kuna mtu.

Sasa naomba kujua: haya yote ni visawe vya neno moja, au kila moja lina maana yake? Na wanaume wana orodha yao?

BodaMwanga

Shikamoo mama. Usiyachukulie yote kwa ubaya. Pisi kali ni sifa, nikimwambia abiria hivyo anacheka.

MamaMgebuka

Marahaba mwanangu. Anacheka kwa kuwa yuko juu ya pikipiki yako na hajafika.

MwalimuIsevya (Tabora, mstaafu)

Mama Mgebuka, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja na hili swali sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi, pengine waliogopa fimbo.

Visawe kamili ni vichache. Malaya, kahaba, changudoa na guberi yanakaribiana, yote yanamsema anayeuza mwili, ingawa kahaba utalikuta kwenye vitabu vya dini na changudoa ni la mjini. Shangingi halimo humo: huyo ni mtu mzima anayejipamba na kujua mjini, huenda hauzi chochote. Hawara na kimada ni habari ya uhusiano. Mcharuko ni tabia, kelele na kukosa haya. Ajuza ni umri tu. Lakini mtu akikasirika hachagui, anaokota lililo karibu. Yule kijana wako alikuwa na hasira ya mkopo, mwili wako haukuhusika kabisa.

Kuhusu "hilo" umesikia vizuri sana, na hapo ndipo penye utamu wa lugha yetu. Binadamu yuko ngeli ya m-/wa-. Ukitaka kumdharau unamhamisha: unamkuza awe janamke, linakuja, au unamdogosha awe kijanamke, kinakuja. Tusi linakamilika bila hata kutaja tusi. Mwanamume naye anahamishwa, jitu, jibaba, lakini tazameni neno "dume". Ni la mnyama, na bado mtu akiitwa dume anatanua kifua. Mwite mke wake jike uone kama chakula cha jioni utakipata.

Orodha ya wanaume ipo, fupi. Kiwembe, wa wanawake wengi, ambalo wenyewe wanalipenda. Marioo, anayelelewa na mwanamke. Buzi, anayechunwa. Lililowauma kweli ni fataki, lile la mtu mzima anayewinda wanafunzi, lililovuma kwa kampeni ya redio mwaka 2008. Nakumbuka hapa Tabora wanafunzi walikuwa wakiona gari limeegeshwa karibu na geti la shule ya wasichana wanaimba "fataki, fataki" mpaka linaondoka. Neno moja lilifanya kazi ambayo barua zangu kwa wazazi hazikuifanya.

BintiUjiji

Mwalimu umesahau mtalaka. Eti si tusi, ni hali tu. Nimeachika mwaka wa nne sasa. Kwenye kikundi chetu cha kuweka hela nikichelewa marejesho utasikia "ndiyo watalaka hao". Yule tuliyeachana naye anaishi mtaa wa pili, hana jina lolote. Anaitwa baba Zai, vilevile kama zamani.

MwalimuIsevya

Nimekubali kosa, binti yangu. Neno la kumsema vibaya mwanamume aliyeacha silijui, na nimefikiri tangu saa nane mchana.

Sheria_Kgm

Kwa faida ya wote: lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89. Mama una mashahidi mwaloni, ukitaka unaweza kwenda polisi.

MamaMgebuka

Polisi nitaacha dagaa na nani, na mvua hizi? Ila asante, nimekiandika hicho kifungu kwenye daftari la madeni, ukurasa wake.

Mwalimu, binti nimemsomea ya ngeli. Sasa anatembea humu ndani anasema "kaka linakula, kaka linalala", nimeshamkanya mara mbili.

Na yule kijana kaja leo asubuhi. "Shikamoo mama." Kalipa deni lote, noti zimelowana, kataka beseni moja ya fedha taslimu. Nikaitika marahaba, nikampimia. Ile ya juu ya beseni, ile nyongeza tunayowamiminia wateja, sikuiweka.