Diski na pedi za mbele za Discovery 300Tdi: ninunue zipi?

Konde_Ngezi
Assalamu alaykum ndugu zangu. Gari ni Land Rover Discovery 300Tdi ya 1996, ipo Pemba, inapita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, na mchanga wa pwani haiukosi. Breki ya mbele kushoto inasaga kama chuma kwa chuma, gari inavuta kushoto, na rimu ya upande huo inakuwa moto kuliko ya kulia. Pedi ya ndani imebaki kama mm 2, ya nje bado nene. Diski ina michirizi na mdomo wa kutu pembezoni. Nimepima unene wake kwa venia (kipimo chenye meno mawili) nikapata mm 14. Nimeelezwa ninunue diski zenye matundu kwa sababu zinapoa haraka. Mwengine ananambia nizichonge hizi hizi mashineni, nibadilishe pedi tu. Jee, nifuate lipi?

Spana13
Wa alaykumu salaam. Hiyo mm 14 siiamini, diski yenye michirizi haiwezi kuwa karibu na mpya. Umepima mdomo. Pedi haifiki pembezoni kabisa, kwa hiyo pale hapaliki, panaota kutu tu, na meno ya venia yanakaa juu ya kutu hiyo. Weka sarafu mbili za aina moja, moja kila uso, ndani ya mdomo, pima zote kwa pamoja kisha toa unene wa sarafu. Au tumia mikromita. Pima sehemu nne kuzunguka diski.

Diski nzima (isiyo na nafasi ya hewa katikati) ya mbele ya gari hiyo inatoka kiwandani na mm 14.1, na mwisho wake ni mm 13. Yaani una mm 1.1 tu ya kula kwa nyuso zote mbili. Ukiichonga mpaka michirizi iondoke, umeshaivuka. Kuchonga sahau.

Lakini diski siyo iliyoanza ugonjwa. Kalipa (kibanio cha pedi) ya mbele ya Discovery imefungwa imara, haitelezi, ina pistoni 4 za kusukuma pedi, mbili kila upande. Pedi ya ndani ikiisha peke yake, na rimu ikawa moto, ujue pistoni za ndani zinatoka lakini hazirudi. Ukiweka diski na pedi mpya juu ya kalipa hiyo, zitakwisha vile vile.

Jaribu hivi: nyanyua gurudumu, kanyaga breki, achia, kisha lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, fungua nipo (kinjia kidogo kwenye kalipa) ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, presha ilikuwa imezuiliwa: mpira (bomba) wa breki umevimba kwa ndani, au tatizo liko kwenye masta silinda (pampu ya pedeli). Likibaki zito, pistoni zimeshikwa na kutu.

Mzee wa Gereji
Naongeza la usalama kabla hujaweka jeki. Hendibreki ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu), nyuma ya geaboksi ndogo. Ukinyanyua gurudumu moja, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinaweza kuiachia gari itembee ingawa hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Funga difu loki ya kati, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na usiingie chini ya gari iliyosimama juu ya jeki peke yake.

Kuhusu matundu: achana nayo kabisa. Visiwa vyetu havina milima mirefu ya kuunguza breki. Hata vilima vya Pemba ni vifupi. Kinachoua breki huku ni chumvi na mchanga. Matundu yanajaa mchanga na udongo, yanasaga pedi, na nyufa zinaanzia ukingoni mwa tundu. Chukua diski isiyo na tundu wala mfereji. Ukiipata iliyopakwa zinki kwenye shingo na pembezoni ni bora zaidi, kwa sababu kutu inaanzia huko. Uso pedi zenyewe zitausafisha.

Kabla ya kuagiza Dar, chungulia ukingo wa diski yako. Kuna Discovery za diski nzima, na kuna zenye nafasi ya hewa katikati, ambazo ni mm 24. Kalipa zake ni pana zaidi, hizo mbili haziingiliani. Mwambie muuzaji "nzima" au "ya hewa", ukitaja mwaka tu unaweza kuletewa nyengine.

Konde_Ngezi
Ahsanteni sana. Nimepima upya kwa sarafu: kushoto 12.7, kulia 13.1. Ni nzima, haina nafasi ya hewa. Ile nipo ya upepo nimeifungua, mafuta yameruka lakini gurudumu bado zito. Basi ni pistoni. Na pedi niangalie nini?

Spana13
Hiyo ya kulia imebakisha mm 0.1. Badilisha zote mbili, diski hununuliwa kwa jozi.

Pedi tazama bati la nyuma na ubavu. Tafuta herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R, maana yake imepimwa kwa kanuni ya Ulaya kwamba inashika karibu sawa na pedi asili. Ubavuni huwa na herufi mbili, kwa mfano FF. Ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. F ni 0.35 hadi 0.45, E ni 0.25 hadi 0.35. Usichukue EE kwa gari nzito kama hiyo. Zenye chuma kingi ndani usizipendelee: zikilala na maji ya chumvi zinaota kutu na kugandana na diski.

Agiza: diski 2, seti ya pedi ya ekseli ya mbele pamoja na pini na springi zake, pistoni 8 za chuma kisichoshika kutu na sili zake, sili ya habu (kitovu cha gurudumu) 2, washa (ringi bapa) ya kufungia nati 2, gasketi ya flenji (bamba la kichwa cha habu) 2, na lita 1 ya mafuta DOT 4. Beringi ni RTC3429, mbili kila habu, ukiona zina madoa. Ile pistoni ya kromu ikishaliwa na kutu juu ya sili, kuipiga msasa hakusaidii.

Mzee wa Gereji
Kwenye gari hii diski iko nyuma ya habu, lazima habu itoke. Toa kalipa (boliti zake zina pembe 12, soketi 13). Kama pistoni ungekuwa huzigusi ungeiacha na mpira wake na kuifunga kwa waya, isining'inie. Toa kifuniko cha habu, klipu ya ncha ya shafti, boliti 5 za flenji, nyoosha washa, kisha nati mbili kwa soketi ya 52. Habu na diski vinakuja pamoja. Boliti 5 za diski huwa zimegandana, zilowekee mafuta ya kutu tangu usiku.

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are. Chembe ya kutu ikibaki pale, diski inayumba na pedeli inatetemeka. Kuyumba kusizidi mm 0.15. Boliti za diski kaza Nm 73 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Nati ya beringi kaza Nm 61 huku habu inazunguka, rudisha robo mzunguko, kaza tena Nm 4, kisha washa mpya na nati ya pili Nm 61. Kalipa Nm 82.

Vumbi la pedi za zamani usilipulize kwa kompresa, linaweza kuwa na asbesto. Limwagie maji.

DOT 4 nunua chupa ndogo zilizofungwa. Ikiwa mpya inachemka si chini ya nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Ukimaliza kutoa upepo, kanyaga mara kadhaa kabla ya kuondoka, kwa sababu pedi bado ziko mbali na diski. Kisha zizoeshe pedi na diski mpya: kwa breki toka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kumi taratibu, ukiipa nafasi ipoe, bila kusimama kabisa. Na kila ukitoka Vumawimbi, mwagia kalipa maji baridi ya bomba zikishapoa, halafu endesha kidogo ukikanyaga breki zikauke kabla gari haijalala.