Msichana wa Burundi amekimbilia kwangu, ajenti ana pasipoti yake. Nikimpeleka polisi si watamfunga yeye?

MamaNusra_Likoni:

Hamjambo wote. Nataka ushauri wa maana, wa kucheka apite.

Mimi nauza mahamri hapa Likoni. Jana alfajiri nikiwasha jiko akaja msichana miguu mitupu akaomba maji. Ni Mrundi, ana miaka 22, Kiswahili chake cha Bujumbura lakini twasikizana. Kwao alifuatwa na mama mmoja wa mtaani akaambiwa kuna kazi ya nyumba Oman, visa inatokea Mombasa. Wakaletwa watatu kwa basi hadi Tanga, usiku wakavushwa kwa pikipiki kwa njia za panya karibu na Lunga Lunga. Pasipoti zikachukuliwa "zishughulikiwe". Visa haikuja. Wakafungiwa kwenye nyumba huko Diani, wakaambiwa wana deni la safari na watalilipa kwa kukanda wanaume. Na si kukanda tu, mtanielewa.

Usiku wa kuamkia jana akaruka ukuta. Makanga wa matatu ya kwanza akamhurumia, akampakia bure hadi huku. Wenzake wawili wamebaki. Leo kuna mtu kapita hapa kwangu na picha ya msichana kwenye simu, anauliza kama nimemwona. Nikasema sijui.

Mume wangu asema nimtoe kabla hatujaingia taabuni. Msichana mwenyewe akisikia polisi analia, asema askari mmoja wa kituo cha karibu na ile nyumba alikuwa mteja, na hana karatasi hata moja. Nifanyeje?

Kaka_Mvuvi:

Dada, mumeo ana neno. Mgeni hana kibali, ukikutwa naye ni wewe na yeye. Mpe nauli arudi kwao.

Paralegal_Pwani:

Kaka Mvuvi, arudi vipi na pasipoti iko kwa ajenti? Atashikwa mpakani, na wale wawili watabaki ndani.

Mama Nusra, hospitali kwanza, mengine baadaye. Kama amelazimishwa kulala na wanaume, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Usisubiri polisi. Hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa ina kitengo cha waliodhulumiwa kijinsia, watampima na kumjazia fomu ya PRC, ile ya matibabu baada ya kubakwa. Nguo alizotoka nazo usifue. Zitie kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huweka unyevu na ushahidi unaoza.

Sasa la kufungwa. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, ilianza kutumika 2012. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mwathiriwa hashtakiwi kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Hata ule ukandaji asitishwe nao. Na kule kusema "mbona alikubali mwenyewe kuja" hakumsaidii ajenti: ridhaa iliyopatikana kwa uongo haihesabiki.

AfandeMstaafu:

Nimevaa sare miaka mingi, nitawaambia inavyokuwa. Hiyo sheria ya dada hapo juu ni kweli, lakini askari wa kaunta huandika analoliona kwanza. Akiona mgeni hana pasipoti, kosa la uhamiaji ni jepesi kuandika: halina upelelezi, mtu anakubali kosa asubuhi, faili imefungwa. Kesi ya usafirishaji ni miezi ya kazi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza inayoingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, ndiyo itakayomwandama. Msiingie mkisema "huyu ni Mrundi hana karatasi". Ingieni mkisema: "Tunaripoti usafirishaji haramu wa binadamu, huyu ndiye mwathiriwa, na kuna wengine wawili bado wamefungiwa." Mwisho mwombe namba ya OB na msomewe kilichoandikwa.

Kituo chochote kinalazimika kupokea ripoti, hata kama kosa lilitendeka Diani, kwa hiyo msirudi kule. Tena kwa hili mimi ningekwepa kaunta kabisa. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana kitengo maalumu cha usafirishaji wa binadamu na ulinzi wa watoto, kina ofisi Nairobi na Mombasa. Laini ya bure ya DCI ni 0800 722 203. Habari ya huyo askari mteja waambie wao, na iko IPOA inayochunguza polisi.

BintiKisauni:

Mimi nilirudi kutoka Ghuba nikiwa hivyo hivyo, sitaeleza mengi. Niwaambie tu kuhusu ile statement. Atahojiwa zaidi ya mara moja na atachoka. Aombe afisa wa kike, ni haki yake kuomba. Na kama Kiswahili cha kituoni kinampita, atafutiwe mtu wa Kirundi, asiitikie "ndiyo" kwa aibu. Mimi niliandikiwa kwamba nilikwenda "kwa hiari yangu" na nikatia sahihi kwa sababu nilitaka kulala. Asomewe yote kabla ya sahihi.

MamaNusra_Likoni:

Ahsanteni. Mume wangu nimemsomea, amenyamaza. Lakini Kaka Mvuvi amenitia hofu, mimi mwenyewe siwezi kushtakiwa kwa kumficha?

Paralegal_Pwani:

Kumhifadhi mtu kunakoitwa usafirishaji ni kule kwa kumtumikisha. Wewe umempa chai na mahali pa kulala. Ila sheria ya uhamiaji nayo ina lake juu ya kumkalisha mgeni asiye na kibali, ndiyo maana nasema ripoti leo, usikae naye wiki. Piga 1195, ni bure, wanapokea visa vya dhuluma za kijinsia usiku na mchana. Mombasa pia kuna Trace Kenya wanaoshughulika na mambo haya hasa, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa wakili. Ombeni mmoja wao aende nanyi. Mwathiriwa akiingia na mtu anayejua sheria, lugha ya kaunta hubadilika, nimeiona mara nyingi.

Mambo ya kupata mahali salama pa kulala, matibabu, ushauri nasaha, wakili na kurudishwa kwao yamo ndani ya sheria hiyo hiyo ya 2010. Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za hifadhi zaendeshwa na mashirika, si serikali, kwa hiyo nafasi hutafutwa kwa simu. Ubalozi wa Burundi uko Nairobi, watamtolea hati ya kusafiria, na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, husaidia safari. Lakini asiharakishwe. Wageni wengi hurudishwa kabla ya kutoa ushahidi, kesi ikafa, ajenti akahamia mtaa wa pili.

Kaka_Mvuvi:

Na huyo ajenti akishikwa atatoka kesho kwa dhamana, tunajua hii nchi.

AfandeMstaafu:

Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa, ila upande wa mashtaka unaweza kuipinga mtu akitisha mashahidi. Akipatikana na hatia, ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ndiyo maana watajaribu kuyamaliza nyumbani. Utashangaa pesa itakavyopanda.

MamaNusra_Likoni:

Nawapa habari. Hospitali tumekwenda, dawa ameanza. Dada wa shirika akatupeleka kwa wale wapelelezi. Kijana wa mapokezi aliuliza "pasipoti iko wapi?" kabla ya salamu, tukamjibu kama Afande alivyotufundisha, akaita mkubwa wake, mwanamke. Msichana ametoa maelezo saa nyingi. Kumbe alikuwa na sauti za WhatsApp za yule mama wa kwao na meseji za M-Pesa za "deni", zote wamenakili. Jioni amepelekwa nyumba ya hifadhi, hata mimi sikuambiwa wapi.

Sasa saa hii nimepigiwa simu na namba nisiyoijua. Mtu mpole sana, asema yeye ni mjomba wa msichana, anataka kunitumia 40,000 ya "shukrani". Niiache iingie niwe na ushahidi, au nikatae?

Paralegal_Pwani:

Kataa. Pesa ikiingia kwenye simu yako, kesho wakili wake atasema wewe ndiye uliyekuwa ukimuuza. Andika saa aliyopiga na maneno aliyosema, uwapelekee wapelelezi asubuhi. Wewe sasa ni shahidi, utaandika maelezo yako mwenyewe, na ukitishwa waambie wakufikishe kwa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi. Msichana naye ana haki ya kuomba kesi isikizwe faragha.

AfandeMstaafu:

Na hiyo namba usiiblok. Akipiga tena mwache aongee, wewe itika tu.