Wiki ya 6 na dawa za sonona, sioni kitu. Nibadilishe daktari?

Mpweke_Macho: Wakuu, salaam. Niliandikiwa sertralini miligramu 50, kidonge kimoja kila asubuhi. Wiki ya 6 hii, usingizi hakuna, hamu ya kitu hakuna. Sasa daktari anataka kunipandishia hadi 100. Naona hajui kazi. Nitafute mwingine au niache tu?

Msumari: Achana na sumu hizo mkuu. Amka alfajiri, kimbia, sali. Sonona ni ya wasio na shughuli.

MamaWawili: Msumari, kakimbie mwenyewe. Mdogo wangu, hizo huanza kujionyesha baada ya wiki 2 hadi 4, wengine hadi 8. Mimi dawa ya tezi "ilinigomea" miezi mitatu, kumbe naimeza na kalsiamu, mkupuo mmoja! Kalsiamu inaizuia isifyonzwe. Nilipozipishanisha kwa muda wa saa 4, vipimo vikatulia. Unameza kingine chochote?

Mpweke_Macho: Hapana dada, nafuata maelekezo. Hata kasha la kwanza la vidonge 30 sijalimaliza.

Kokotoa: Chai hii. Wiki 6 ni siku 42. Kidonge kimoja kwa siku, kasha la 30 halijaisha? Ukitunga, tunga na hesabu.

Bahari_Shwari: 😂😂 Ongeza sukari.

Mpweke_Macho: Si chai. Haya, nameza siku nikiamka vibaya. Nikiwa sawa nimeze ya nini? Kichwa kisipouma nani anameza dawa ya kichwa? Halafu mwanzoni mambo ya chumbani yaligoma kabisa. Daktari mwenyewe binti mdogo, ningemwambiaje?

Kokotoa: Vimebaki vingapi?

Mpweke_Macho: 19.

MamaWawili: Umemeza 11, yeye anapandisha dozi akijua umemeza 42. Sasa hapo asiyejua kazi ni nani? Mwambie vyote, na hilo la chumbani. Ni dhara linalojulikana la dawa hiyo, wanalisikia kila siku. Anaweza kukubadilishia.

Mpweke_Macho: Nitafikiria. Ila wa pili nimeshapanga kumwona Alhamisi.

MamaWawili: Huyo naye utamficha?

Bahari_Shwari: Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hata nchi tajiri, wenye maradhi ya kudumu wanaofuata dawa ipasavyo ni kama nusu tu. Jamaa ana wenzake wengi.

Msumari: Bado nasema akimbie.

Kokotoa: Na mimi bado nasema chai. Ila nimeenda kuhesabu vyangu vya presha. Vimezidi 6.